Mdomo Uliokuja Bila Nguzo

Siku yangu ya kwanza ya ukalimani niliianzia juu ya gurudumu la akiba, ukingoni mwa Rufiji pale Ndundu, nikisubiri pantoni. Ninyi mnaolipita daraja siku hizi kwa bodaboda, tisheti imejaa upepo kama puto, hamwezi kujua kuwa zamani kusubiri kulikuwa kazi ya watu wazima. Malori yalipanga foleni. Mtu alilala, akaamka, akanunua muhogo wa kukaanga, akalala tena, na pantoni bado iko ng'ambo ya Mohoro inapakia ng'ombe wasiotaka kupanda.

Nilikuwa karani wa masjala katika ofisi ya misitu pale Kibiti. Masjala ni chumba cha majalada, nami nilikipenda kwa sababu kilikuwa na kiti na kivuli, na hakikuwa na safari. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikivuka barabara kuu kwenda kununua sukari huwa naona nimetembea. Nalisema hilo kwa kujisifu, ingawa mke wangu Zaituni huitamka habari hiyo hiyo kama anayemweleza daktari dalili za ugonjwa.

Asubuhi ile mkuu wangu, ambaye sote tulimwita Bwana Misitu, mtu mrefu mwenye maneno ya kupima kwa kibaba, alisimama mlangoni pa masjala.

"Mbonde, Kiingereza unakijua?"

"Nilifaulu kidato cha nne, mzee."

"Sikukuuliza kufaulu. Unakijua?"

"Kiasi."

"Basi kiasi hicho hicho panda nacho garini. Mkalimani anaumwa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika fani. Hapakuwa na semina wala kiapo. Tulikuwa tunampeleka mhandisi mmoja mgeni aliyekuja kupima mto, na pale kivukoni akataka kuzungumza na nahodha wa pantoni. Mhandisi alisema sentensi ya kwanza, nikaifasiri vizuri. Akasema ya pili, nikaifasiri vizuri zaidi, na nikaanza kujiona. Kwenye ya tatu akatia neno ambalo shuleni hatukuwahi kukutana nalo: jeopardize. Nikasimama pale kama mbuzi aliyeona daraja la kamba.

Nahodha akanitazama. "Mbona kimya? Au mambo yenyewe ni ya matusi?"

Bwana Misitu akaniinamia sikioni. "Ukikwama, uliza. Kuuliza ni aibu ya dakika moja. Kubuni ni aibu mpaka pensheni."

Nikauliza. Yule mhandisi hakukasirika. Alivua kofia yake, akaiweka juu ya ukingo wa chuma wa pantoni, nusu ndani, nusu juu ya maji, akaiachia. Kofia ikakaa. Haikuwa imeanguka, lakini hakuna mtu aliyeitazama kwa amani. Ndipo nikamgeukia nahodha, nikamwambia kwamba mgeni anasema ukijaza malori kupita kiasi, abiria wako unawaweka pale ilipo kofia yake. Nahodha akaitazama kofia, akatazama maji, akamwita mwenye lori la mwisho ashuke. Mwenye lori alikuwa bado anabisha upepo ulipokuja ukaichukua ile kofia, ikaenda zake Bahari ya Hindi. Hakubisha tena.

Tangu siku ile dereva wetu akaniita Jopadaizi, na ofisi nzima ikafuata. Hata leo kuna watu pale Kibiti wanaodhani ndilo jina alilonipa baba.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe ilivyokuwa, maana naona siku hizi kila mwenye simu anajiita mkalimani. Ukalimani si tafsiri. Mfasiri anafanya kazi na karatasi, anakunywa chai, anafuta, anarudia. Mkalimani anafanya kazi na midomo ya watu, na mdomo ukishafunguka haufutiki. Sisi tulifanya zaidi ukalimani wa kufuatana: mgeni anasema kipande, ananyamaza, wewe unakileta kipande hicho kwa Kiswahili, kisha anaendelea. Upo pia ukalimani wa kunong'ona, unapokaa nyuma ya mtu mmoja na kummiminia maneno sikioni huku mkutano unaendelea. Huo haufai kwa aliyekula kitunguu.

Na ipo sheria kubwa kuliko zote. Mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya mwingine. Mgeni akisema "nimefurahi", wewe husemi "anasema amefurahi", unasema "nimefurahi", hata kama mbu wamekumaliza. Ukitaka kusema lako mwenyewe, lazima uombe: "Mkalimani anaomba kusema." Bwana Misitu hakuipenda kabisa sentensi hiyo. "Mkalimani ni bomba," alikuwa akituambia. "Umewahi kuona bomba likaomba kusema?"

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kulitafuta lile neno katika kamusi kubwa ya shule ya sekondari. Nililikuta, nikakaa nalo asubuhi nzima kama mtu aliyekaa na mgeni wa heshima. Maana yake, kukihatarisha kitu: kukiweka mahali ambapo kinaweza kupotea au kudhurika. Kamusi ilieleza pia kwamba mzizi wake ni mchezo wa zamani ambao bahati imegawanyika nusu kwa nusu, hujui nani atakula. Kisha ikaonyesha linavyotumika, na mimi raha yangu ilikuwa hapo. Mtu huhatarisha kazi yake, afya yake, makubaliano, jina jema, nafasi ya mwanawe. Hakuna mahali nilipoona mtu anahatarisha kiatu kilichokwisha. Kitu chenyewe lazima kiwe na thamani kwa mtu fulani, na lazima kiwe bado kipo.

Hilo la "bado kipo" lilinisaidia Mohoro. Tulipelekwa huko na bwana shamba mmoja mgeni wa mradi wa mpunga, akawaambia wakulima kwamba kuchelewa kupalilia kunahatarisha mavuno. Mama mmoja akasimama, jembe begani.

"Mavuno yameharibika au bado?"

"Bado, mama."

"Basi mwambie atuache tukapalilie. Yeye ndiye anayetuchelewesha."

Nikalipeleka hivyo hivyo, bwana shamba akacheka, akafunga mkutano. Ulikuwa mkutano mfupi kuliko yote niliyowahi kuifasiri, na kwa maoni yangu ndio uliokuwa bora.

Ngarambe ilikuwa habari nyingine. Kule ni upande wa porini, na tembo hawasomi mipaka. Mtaalamu mgeni wa wanyama aliwaambia wanakijiji kwamba mashamba yao yanahatarisha njia ya tembo. Mzee mmoja aliyekuwa amelala juu ya bati la jikoni kwake msimu mzima akilinda mahindi aliniuliza, kwa adabu kabisa, "Mjomba, hebu muulize. Jana tembo amekula shamba langu lote, amebakisha mimi. Nani amemhatarisha mwenzie?" Nikauliza. Mtaalamu alifikiri, akasema swali ni zuri. Nikalifasiri hilo pia. Mzee akasema, "Swali zuri halipikiki." Na hilo nikalifasiri. Bomba halichagui maji.

Nikawa nazunguka hivyo mwaka hadi mwaka, nikibeba mto wangu wa kulalia niliofunga kwenye khanga ya Zaituni, maana mito ya nyumba za wageni siiamini. Wakuu walikuja, wakahamishwa, wakaja wengine, na Bwana Misitu akabaki. Neno lile lilinifuata kila mahali. Nilidhani nimelimaliza, kwamba hakuna kona yake nisiyoijua. Ndipo tukapelekwa delta.

Delta, kwa mtu wa milimani kama mimi, ni adhabu yenye mandhari nzuri. Mimi ni Mmatumbi, na watu wa visiwani ni watani zangu. Tulipanda boti ya mashine Nyamisati, na kabla haijatoka gatini mtu mmoja akanipigia kelele kutoka nchi kavu: "Mmatumbi, shika ubao kwanza, dua baadaye!" Nikashika vyote viwili kwa pamoja. Nilikuwa na Bwana Misitu na mtaalamu mgeni wa mikoko, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye madoa ya jua puani. Watu wakampa jina la Bi Karini kwa kuwa lake hasa lilikuwa karibu na hapo.

Tulikuwa tunakwenda kwenye kitongoji kimoja kidogo cha wakulima wa mpunga na wakata boriti. Maagizo kutoka juu yalikuwa yameshatoka: mashamba yote yaliyolimwa ndani ya mikoko yafungwe, isipokuwa pale wenyewe watakapokubali kuirudisha mikoko ya ukingoni. Bwana Misitu alitakiwa arudi na jibu, ndiyo au siyo.

Shamba lililokuwa mbele kuliko yote, lile linalotazamana na kijito, lilikuwa la mjane aliyeitwa Bi Siwatu. Marehemu mumewe ndiye aliyeikata mikoko pale, miaka mingi nyuma, apate kulima. Lilikuwa shamba zuri. Lakini kila bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, chumvi ilikuwa ikipanda jaruba moja zaidi, yaani kitalu kimoja cha mpunga, na ukingo ukimeguka kama mkate. Nyuma yake yalikuwepo mashamba ya wenzake, yakikingwa na lake. Wale wengine walikuwa na boriti, na mitego ya kamba na kaa, na watoto mjini. Bi Siwatu alikuwa na lile shamba na wajukuu. Likifungwa, hana lingine.

Tulikutana kwenye baraza ya madrasa. Wanaume upande huu, wanawake upande ule, mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mpili, katikati. Bi Karini alisalimia kwa Kiswahili chake cha kuchovya, watu wakafurahi. Kisha akaanza Kiingereza, nami nikaanza kazi. Alieleza mizizi ya mkoko inavyoshika udongo. Watu wakaitikia kwa vichwa, maana alikuwa anawaeleza wanachokijua. Halafu akaifikia ile sentensi, na lile neno likatokea, nami nikalipokea kama rafiki wa zamani.

Nikasema, kwa sauti nzuri ya kujiamini: "Kwa kuikata mikoko ya mbele, mnahatarisha si mashamba yenu peke yake, bali na ya wote walio nyuma yenu."

Vichwa vikaacha kuitikia.

Bi Siwatu alikuwa amekaa karibu na nguzo ya baraza, mwanamke mwembamba, mtandio wake umefungwa kiunoni kama mtu aliyeacha kazi na anataka kuirudia.

"Mbonde," akasema, "hayo umeyasema wewe au yeye?"

"Yeye, bibie. Mimi mdomo tu."

"Na huo mdomo umekuja na nguzo?"

Sikuelewa. Mzee Mpili akajikohoza, akainuka. "Waheshimiwa, tumeambiwa litaanguka, na aliyetuambia amekuja mikono mitupu. Mkutano umekwisha. Chakula kipo, mle, mpumzike." Watu wakaondoka bila hasira, taratibu, kama wanaotoka msibani. Hilo ndilo lililonitisha.

Bwana Misitu akanigeukia. "Umewatukana?"

"Nimesema alichosema, mzee."

"Basi urudi ukaseme vizuri zaidi."

"Vizuri zaidi ya pale ni kuimba."

Kamusi ingenipa alama zote. Sarufi sawa, maana sawa, heshima ipo. Na bado watu wamekwenda zao, na jibu la kupeleka Kibiti sasa lilikuwa siyo. Nikamfuata Mzee Mpili njiani, nikitembea juu ya tuta la jaruba kwa mwendo wa kuku kwenye tope.

"Mwenyekiti, kosa letu ni nini?"

Hakusimama. "Mmatumbi, kwenu milimani mtu akiona paa la mwenzie limelegea, husema?"

"Husema."

"Ndiyo maana mnalowa." Akacheka kidogo, akanionea huruma, akasimama. Alinyoosha kidole kwenye madungu, vile vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu shambani, ambamo watu huhamia msimu wote wa mpunga kulinda ndege na nguruwe. "Dungu halisemwi. Ukiona la mwenzio linainama, unakata nguzo, unaiweka chini ya ngazi yake, unakwenda zako. Akishuka asubuhi anaiona, anajua. Hujamwambia, naye hajaaibika. Lakini ukisema tu, 'ndugu yangu, dungu lako hilo litaanguka', nawe mkononi huna kitu, wewe umeliombea. Likianguka kesho, tutakuuliza wewe."

"Hata kama ni kweli linaanguka?"

"Hasa kama ni kweli. Uongo una ubaya gani?"

Nilirudi kwenye boti ambako wakubwa zangu wawili walikuwa wakinisubiri. Nikasimama wima.

"Mkalimani anaomba kusema."

"Bomba," akasema Bwana Misitu.

"Mwache," akasema Bi Karini.

Nikawaeleza habari ya dungu, Kiswahili huku, Kiingereza huku, bila kuongeza chumvi, ingawa ilikuwepo kila upande. Bi Karini hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: dungu nguzo yake inajulikana, shamba je, nguzo yake ni nini?

Aliyejibu ni Bwana Misitu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ofisini, laini, kama ya mtu aliyekumbuka alichokisomea.

"Mkoko," akasema. "Nguzo ya shamba la ukingoni ni mkoko."

Asubuhi maji yalipokupwa tuliingia topeni sote watatu. Mbegu za mkoko haziko kama mbegu mnazozijua. Huchipua zikiwa bado mtini, zikawa ndefu, za kijani, mfano wa mshumaa, kisha huanguka. Unachagua zilizo nzima, unazichomeka topeni, basi. Rahisi kusema. Bwana Misitu alikunja suruali mpaka magotini, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba naye ana miguu. Bi Karini alikwenda kama aliyezaliwa kule. Mimi nilizama, nikavutwa, nikazama tena, na kiatu changu kimoja kiko kule mpaka leo kikifanya kazi ya uhifadhi. Watoto na wanawake walijipanga tutani kutazama. "Mmatumbi anapandwa!" akapiga kelele mmoja. "Mwagilieni!"

Tukafunga mbegu zile fungu kubwa kwa kamba ya ukindu, tukalibeba, tukaliweka chini ya ngazi ya dungu la Bi Siwatu. Hiyo ilikuwa kazi yangu bora kabisa ya ukalimani, na sikutamka neno.

Alikuwa juu, anasonga ugali. Alituona, akaendelea kusonga. Tukasimama na tope letu likikauka na kutubana ngozi. Alipomaliza alishuka taratibu, akachuchumaa, akaligeuza lile fungu, akazipitia mbegu mojamoja kama anayechagua dagaa. Akatoa moja iliyotobolewa na mdudu, akaitupa.

"Mmeleta nguzo," akasema. "Haya. Lakini nguzo hii ina tumbo. Ikichomekwa hapa mbele, italila jaruba langu la kwanza, na la pili, na huenda la tatu. Mnajua?"

Nikafasiri. Bi Karini akasema anajua.

"Na nikikataa, huyu bwana mrefu analifunga lote."

Bwana Misitu hakuhitaji mkalimani. Akasema, "Ndiyo, mama. Sitapenda, lakini nitalifunga."

Bi Siwatu akainuka, akafuta mikono kwenye mtandio. Watu walikuwa wameshaanza kusogea kutoka madungu ya nyuma, Mzee Mpili mbele yao. Akawa anasema nami huku anamtazama Bi Karini usoni.

"Mwambie mwanangu huyo hivi. Nikikubali nalihatarisha shamba langu. Nikikataa nalihatarisha. Basi nitaliweka hatarini mwenyewe, kwa mkono wangu, asiniwekee mtu."

Miaka yote nilikuwa nimelibeba lile neno kutoka kwao kuja kwetu, likishuka kutoka kwa wakubwa kuja kwa wakulima, na sikuzote mhatarishaji alikuwa mkulima anayeambiwa. Siku ile nililipeleka upande wa pili. Nilisema kwa Kiingereza, kwa "mimi" ya kikalimani, kwamba ninalihatarisha shamba langu kwa vyovyote na nimechagua kulihatarisha mwenyewe. Sauti yangu ilinikatika katikati, jambo ambalo bomba haliruhusiwi. Bi Karini aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na sentensi inayofuata.

Lakini Bi Siwatu alikuwa nayo. Aliwageukia majirani.

"Jana mliambiwa lililo la kweli, kwamba mimi nikianguka na ninyi mnaanguka. Mkaondoka pamoja nami, nikafurahi, nikasema nina wenzangu. Haya, hii hapa nguzo ya wageni. Na ya wale walio nyuma yangu iko wapi?"

Mzee Mpili, mwenye shamba kubwa kuliko wote, na lililo nyuma hasa ya lile la Bi Siwatu, akasema, "Siwatu, mambo haya yanataka kikao."

"Jana ulisimama wa kwanza bila kikao, shemeji."

Wanawake wakaangua kicheko. Mzee Mpili akatafuta msaada kwangu, mtani wake, nami nikamwambia kwa unyenyekevu wote kwamba kwetu milimani mtu angekwisha kusema. Akanitukana tusi moja zuri la kitani ambalo siliandiki hapa, akavua kofia yake ya viua, akajikuna, akaivaa.

"Mkoko ukifika jaruba la kwanza," akasema, "jaruba langu lililopakana nawe ni lako. Ukifika la pili, huyu Mwinyi na yule mwanangu Hija nao watoe. Tusikilizane hivyo, mbele ya serikali na mbele ya Mmatumbi asiye na kiatu."

Wakapeana mikono. Zile mbegu zikachomekwa siku ile ile kabla maji hayajajaa, kitongoji kizima topeni, hata waliovaa kanzu. Kibiti tulipeleka ndiyo.

Bwana Misitu alistaafu kabla yangu. Siku ya kumuaga nilitakiwa niseme machache, nikasema marefu, naye akanikatiza: "Bomba limepasuka." Nililia, nikasingizia vumbi. Bi Karini alirudi kwao. Mimi nikaendelea mpaka miguu ikaanza kubishana na ngazi za magari, nikastaafu, nikarudi kwenye kiti changu, na Zaituni akagundua kwamba mume aliyemlalamikia kuwa hapendi kutoka sasa hatoki kabisa.

Wajukuu huniuliza kama kazi ile ilikuwa ya maana, maana siku hizi simu inafasiri yenyewe, tena haiombi posho wala haizami topeni. Nawaambia simu inajua maneno, sina ugomvi nayo. Wanaposoma kitabuni kwamba kuhatarisha ni kukiweka kitu penye uwezekano wa kupotea, wamesoma sawasawa. Mimi nawaongezea kidogo tu: kabla ya kumwambia mtu neno hilo, jitazame mkononi una nini. Huwa wananisikiliza vizuri, kisha wanaomba niwashe data.

Mwaka huu Zaituni alinifukuza. Alisema nimemea mizizi kwenye kiti, niende nikatembee kwa watu nilioandika habari zao. Nikapanda boti Nyamisati, nikashika ubao. Bi Siwatu yupo. Amezeeka, anaona kwa jicho moja, na shamba linalimwa na binti yake. Alinishika mkono akanitembeza mpaka mbele. Kijito hakionekani tena. Ni ukuta wa mikoko, mizizi imepanda kama vidole vya watu wengi wanaoshikilia kitu, na ndani yake kamba, kaa, ndege, makelele. Jaruba la kwanza na la pili hayapo. Nyuma, kwenye majaruba aliyopewa, mpunga ulikuwa umeinama kwa uzito.

Akanyoosha fimbo yake kwenye ile mizizi.

"Pale," akasema, "pale ndipo marehemu alipoanzia kulima. Mpunga wa pale ulikuwa mtamu, Mbonde. Huu wa nyuma haufiki."

Nikamuuliza kama anajuta.

"Mbona wewe, mkalimani mzima, husikii?" akasema. "Nimekwambia ulikuwa mtamu."